Mpira ukikosa ringi ni wa nani? Dennis Rodman na hesabu ya ribaundi

Kwa kinyozi mmoja pale Mwanga, Kigoma, ukutani kuna picha iliyochorwa kwa rangi ya mafuta: mtu mwembamba, nywele nyekundu kama mawese, pete puani, jezi ya Chicago namba 91. Imekaa hapo miaka mingi kuwaonyesha wateja kwamba nywele zinatiwa rangi, na wengi wanaoingia wanadhani ni mwanamuziki. Juzi nilikuwa kwenye foleni nyuma ya mzee mmoja mstaafu wa reli. Akainyooshea picha fimbo yake.

"Mwalimu, huyu ndiye nani?"

"Ni Dennis Rodman, mzee wangu. Alikuwa mcheza kikapu wa Marekani. Amechukua ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya huko, mara tano."

"Mara tano! Alikuwa anafunga ngapi kwa mechi?"

"Pointi saba na kidogo, kwa wastani."

Mzee akageuka mwili mzima. "Saba? Hawa watoto wako wa shule si wanafunga mpaka kumi na tano? Sasa huyu alikuwa na kazi gani humo ndani?"

Kinyozi akazima mashine ili asikie. Nilijibu kwamba kazi yake ilikuwa kuokota mipira iliyokosa, mzee akaitikia kwa adabu, mashine ikawashwa, yakaishia hapo. Lakini jibu langu lilikuwa nusu jibu. Ukisema "kuokota" mtu anamwona mtoto aliyetumwa kufuata mpira vichakani. Alichofanya Rodman kwa miaka kumi na minne ni kitu kingine kabisa, na kukieleza kunataka kwenda taratibu, kwanza na mchezo wenyewe, ndipo na yeye.

Sisi watu wa mwisho wa reli tumelelewa na soka, kwa hiyo nianzie huko. Katika soka, ukipiga shuti likapita juu ya goli, mwamuzi anaonyesha goli kiki na mabishano yameisha: mpira ni wa waliokuwa wanazuia. Katika kikapu hakuna anayegawa. Mpira ukigonga ringi na kukosa, unarudi uwanjani bila mwenyewe, watu kumi wana haki sawa ya kuuchukua, na mchezo hausimami. Huo mpira wa kurudi ndio ribaundi. Na usidhani ni jambo la mara mojamoja. Hata kwenye ligi bora duniani, karibu nusu ya mipira inayorushwa inakosa. Kwenye viwanja vyetu vya saruji, ringi zisizo na nyavu na upepo wa ziwani ukianza saa tisa mchana, inayokosa ni mingi zaidi ya nusu.

Hapo ndipo thamani ilipo. Kila timu inapoushika mpira, iwe imeanzia nyuma au imepokonya, inapata nafasi moja ya kushambulia. Kwenye NBA nafasi moja huzaa takriban pointi moja kwa wastani. Mshambuliaji akikosa na mlinzi akaudaka mpira, nafasi imekufa na zamu imegeuka. Mshambuliaji akikosa, kisha mwenzake akaudaka, hawajapoteza kitu: wanaanza upya, tena wakiwa karibu na ringi na walinzi wametawanyika. Ribaundi ya kushambulia ni nafasi ya pili ambayo hukustahili kuwa nayo. Ribaundi ya ulinzi ni kufunga mlango baada ya kazi yote ya kuzuia, maana ulinzi haujakamilika mpaka mpira uwe mkononi. Nimewaambia watoto hili mpaka wanalimalizia wenyewe kabla sijafika mwisho wa sentensi.

Walinzi ndio wanaochukua sehemu kubwa, kama saba kati ya kila mipira kumi, kwa sababu moja rahisi: wanasimama kati ya mshambuliaji na ringi. Wako karibu tayari. Kazi yao ni kubaki karibu. Mpira ukiwa hewani, mlinzi anatakiwa ausahau mpira kwa sekunde moja, amtafute mtu wake, amgeuzie mgongo, ashushe makalio, atanue mikono, ahakikishe yule hapiti. Sisi tunaita kumweka mtu mgongoni. Ndiyo sehemu ngumu kufundisha kuliko zote, kwani macho ya binadamu yanataka kuufuata mpira. Mtoto anatazama juu, mdomo wazi, na mpinzani anampita ubavuni kama maji.

Sasa Rodman.

Alizaliwa tarehe 13 Mei 1961 huko Trenton, New Jersey, akakulia Dallas, Texas, kwa mama yake, baba akiwa ameshaondoka. Nyumbani kwao wacheza kikapu walikuwa dada zake wawili. Yeye alikuwa mfupi, yapata sentimita 168 alipokuwa sekondari, na hakuwa mchezaji wa kutajwa. Alipomaliza shule alipata kibarua cha usiku cha kufanya usafi uwanja wa ndege wa Dallas. Halafu, katika umri ambao wengi tumeshaacha kukua, mwili ukaanza kupanda. Ukapanda mpaka mita 2.01. Fikiria kijana anayeamka nguo hazimtoshi wakati wenzake wameshaanza maisha. Akajaribu chuo kidogo cha Texas kwa muhula mmoja, kisha akaenda Southeastern Oklahoma State, chuo cha mji mdogo wa Durant ambacho hakikuwa hata kwenye daraja la vyuo vinavyoonyeshwa kwenye televisheni. Huko alifunga wastani wa pointi zaidi ya 25 na kuchukua ribaundi zaidi ya 15 kwa mechi. Naomba hilo likumbukwe: alijua kufunga. Aliacha kufunga kwa kuchagua.

Detroit Pistons, timu ya NBA, walimchukua mwaka 1986 kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya, raundi ya pili, akiwa wa 27 kwenye orodha. Alikuwa na miaka 25, umri ambao wengine wameshazoea ligi. Alikuta timu yenye wafungaji wake, Isiah Thomas na Joe Dumars, na kocha, Chuck Daly, aliyekuja kuwa kwake kama baba. Pistons hawakuhitaji mtu mwingine wa kurusha mpira. Walihitaji mtu wa kuwachosha nyota wa timu pinzani, kina Larry Bird na Michael Jordan, na wa kuurudisha mpira uliokosa. Akaikubali nafasi hiyo bila kinyongo. Walichukua ubingwa mwaka 1989 na 1990, na yeye akatajwa mlinzi bora wa ligi mwaka 1990 na tena 1991.

Jinsi alivyojifunza ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Isiah Thomas amesimulia kwamba siku moja, timu ikipasha misuli kabla ya mechi, wote wakirusha mipira kwa zamu, Rodman alikuwa amesimama pembeni anatazama tu. Thomas akamwambia aingie kwenye mstari kama wenzake. Rodman akajibu kwamba anaangalia mpira wa kila mmoja unavyozunguka hewani. Alikuwa anahesabu mizunguko. Na Rodman mwenyewe ameeleza baadaye kwamba alikuwa anawaita marafiki ukumbini usiku, anawaambia warushe kutoka huku, warushe kutoka kule, wakose, na yeye anasoma: ukigonga hapa unaangukia wapi, ukigonga pale unaruka umbali gani. Alijua mpira wa Bird unazunguka sana na wa Magic Johnson hauzunguki hivyo, na kwa hiyo haurudi namna moja.

Tulizowea kudhani ribaundi ni bahati ya mrefu. Tuuangalie mpira wenyewe basi. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini na upana wake ni kama sentimita 45. Mpira wa wanaume una kipenyo cha kama sentimita 24. Nafasi ya kukosa ni kubwa, lakini hukosi ovyo. Mpira uliorushwa kutoka kona ya kulia, ukikosa, mara nyingi unavuka ringi na kuangukia upande wa kushoto. Uliorushwa kutoka mbali unarudi mbali, na anayejibanza chini ya ringi anausikia ukimpita juu ya kichwa. Uliopigwa bapa unaruka kwa hasira. Uliopandishwa juu ukashuka wima unagonga na kulegea karibu. Mzunguko wa kurudi nyuma, ule unaotoka kwenye ncha za vidole, unaupunguza mpira nguvu unapogusa chuma. Kwa hiyo mtu anayejua nani amerusha, kutoka wapi, na mkono wake ukoje, ana muda ambao wengine hawana. Sekunde ambayo wengine wanatumia kuuangalia mpira ukienda, yeye anaitumia kutembea kwenda unakokuja.

Halafu kuna mwili. Mita 2.01 ni urefu mbele yetu, lakini chini ya ringi za NBA Rodman alikuwa mdogo. Hakeem Olajuwon alikuwa na mita 2.13, Shaquille O'Neal 2.16. Hapa kwetu watoto wakisikia kikapu wanawaza urefu kwanza, na si ajabu, maana Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, ana mita 2.21, na alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009. Rodman hakuwa na urefu huo, hivyo alitumia vitu viwili. Kwanza miguu: aliweza kuruka, kutua na kuruka tena kabla mkubwa hajamaliza kutua mara ya kwanza. Pili vidole: mpira asioweza kuudaka aliugusa tu, akaupandisha, akaugusa tena, mara mbili, mara tatu, akiusogeza kutoka kwenye msitu wa mikono hadi pembeni ambako hakuna mtu, ndipo akaushika kwa mikono yote miwili. Ukitazama mechi zake za zamani, usiufuate mpira. Mfuate yeye tangu mwenzake anapoinua mikono kurusha, utamwona ameshaanza safari.

Msimu wa 1991–92, akiwa na miaka 30, yote hayo yakakomaa. Alichukua ribaundi 1,530 katika mechi 82, wastani wa 18.7, na usiku wa tarehe 4 Machi 1992, dhidi ya Indiana Pacers, alichukua 34 peke yake. Kuanzia msimu huo aliongoza ligi kwa ribaundi misimu saba mfululizo, mpaka 1998 alipokuwa na miaka 36.

Hapa ndipo mabishano yanapoanza, na ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa kwa sababu ya namba. Mtu anafungua simu, anaona Wilt Chamberlain alichukua ribaundi 23,924 katika maisha yake ya mchezo, na 55 katika mechi moja dhidi ya Boston mwezi Novemba 1960. Anaona Bill Russell ana 21,620. Kisha anaona Rodman ana 11,954. Anauliza, sasa huyu mnamsifia nini? Hata nusu ya Chamberlain hajafika!

Namba hizo ni za kweli, ila haziwezi kupangwa mstari mmoja kama mifuko ya mahindi. Msimu wa 1960–61 Chamberlain alikuwa na wastani wa ribaundi 27.2. Lakini siku hizo mchezo ulikuwa wa mbio, mipira ilirushwa mingi, na iliyokosa ilikuwa mingi vilevile: kila timu ilikuwa inahesabiwa ribaundi zaidi ya 70 kwa mechi. Miaka ya Rodman, mchezo ukiwa umepoa na warushaji wameboreka, kila timu ilipata takriban 44. Chukua kalamu. Timu mbili za 1960 kwa pamoja ni ribaundi 140 na zaidi, na Chamberlain, ambaye alikuwa hatoki uwanjani karibu mechi nzima, alichukua 27. Hiyo ni chini kidogo ya moja ya tano. Timu mbili za 1992 ni takriban 88, lakini Rodman alikuwa anacheza kama dakika 40 kati ya 48, kwa hiyo mipira iliyorudi yeye akiwa ndani ni kama 73 au 74. Kati ya hiyo alichukua 18.7. Hiyo ni robo.

Ndugu msomaji wa Kigoma hahitaji hesabu ya chuo kikuu kulielewa hili. Mvuvi akikwambia jana kavua ndoo tano za dagaa na leo ndoo mbili, humwiti mvivu kabla ya kuuliza mwezi ulikuwaje. Usiku wa giza, taa zinawavuta dagaa juu, kila mtumbwi unarudi mzito. Usiku wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa, na wengi hawatoki kabisa. Ndoo mbili za usiku mbaya, wakati wenzake wote wamerudi na nusu ndoo, ni kazi kubwa kuliko ndoo tano za usiku ambao kila mtu alijaza. Rodman alivua mbalamwezi.

Wataalamu wa takwimu wameipa hesabu hiyo sura ya asilimia: kati ya mipira yote iliyopatikana mchezaji akiwa uwanjani, yeye amechukua mingapi. Watu ni kumi, kwa hiyo mtu wa kawaida atapata kama 10 kwa kila 100. Rodman, kwa maisha yake yote ya NBA, yuko juu ya 23. Msimu wa 1994–95 alikaribia 30. Yaani mipira mitatu kati ya kumi iliyokosa, ya timu yake na ya wapinzani, ilimwangukia mtu mmoja.

Simvunjii heshima Chamberlain. Msimu uleule wa 27.2 alikuwa pia anafunga pointi zaidi ya 38 kwa mechi, mzigo ambao Rodman hakuwahi kuubeba. Mtu anayerusha mara thelathini kwa mechi hawezi kukimbilia kila mpira kama yule ambaye amesamehewa kurusha. Na kama swali lako ni nani alichukua nafasi nyingi zaidi za kushambulia, jina ni Moses Malone, mwenye ribaundi za kushambulia 6,731 kwenye NBA, nyingi kuliko mtu yeyote. Kila hesabu inajibu swali lake. Kosa ni kuichukua hesabu moja ukajibia maswali yote.

Kuna shutuma nyingine kwa Rodman ambayo naichukulia kwa uzito zaidi: kwamba alikuwa anawinda namba. Wanaosema hivyo wana ushahidi. Msimu wa 1992–93 aliongoza ligi kwa wastani wa 18.3, na Detroit hawakufika hata hatua ya mtoano. Daly alikuwa ameshaondoka, na Rodman alikuwa anapita kipindi kigumu sana cha maisha yake. Akahamia San Antonio Spurs. Mwaka 1995 Spurs walishinda mechi 62, nyingi kuliko timu yoyote msimu huo, wakakutana na Houston Rockets kwenye fainali ya kanda ya magharibi. Rodman alipewa kumlinda Robert Horry, mchezaji mrefu anayependa kusimama mbali na kurusha. Kumlinda mtu wa namna hiyo kunakutoa chini ya ringi, kunakuweka mbali na ribaundi. Rodman hakupenda kutoka. Horry akabaki wazi mara kwa mara, na mechi ya kwanza akaimaliza yeye kwa mpira wa dakika ya mwisho. Spurs wakatolewa 4–2.

Kwangu hiyo si hadithi ya mtu mbinafsi tu. Ni mpaka wa kazi yenyewe. Ribaundi ni kazi ya mahali: huwezi kuwa karibu na ringi na mbali na ringi kwa wakati mmoja. Mchezaji wa aina hii anaitaka timu impangie wengine wa kufunika kule asikofika. Akikosa mpango huo, kile kinachomfanya bora ndicho kinachoacha pengo. Lawama nyingine, zile za utovu wa nidhamu, sina la kumtetea. Machi 1996 alimpiga mwamuzi kichwa akafungiwa mechi sita. Januari 1997 alimpiga teke mpiga picha pembeni mwa uwanja akafungiwa 11. Mpiga picha yule alikuwa kazini kwake.

Chicago Bulls walikuwa na mpango. Jordan alikuwa amerudi mchezoni Machi 1995 baada ya kustaafu, na miezi miwili baadaye wakatolewa na Orlando Magic, ambao chini ya ringi walikuwa na Horace Grant, mtu aliyekuwa akiwafanyia Bulls wenyewe kazi hiyo mpaka mwaka uliotangulia. Walijua kilichopungua. Oktoba 1995 wakamchukua Rodman kwa kumtoa Will Perdue, mmoja kwa mmoja. Na kwa kuwa Jordan na Scottie Pippen waliweza kumlinda mtu yeyote anayesimama mbali, Rodman aliachwa abaki anakokujua. Msimu huo Bulls walishinda mechi 72 na kupoteza 10.

Fainali ya 1996 dhidi ya Seattle ndiyo ningemwonyesha mzee wa reli kama pale kwa kinyozi pangekuwa na televisheni. Mechi ya pili Rodman alichukua ribaundi 20, na 11 kati ya hizo zilikuwa za kushambulia. Mechi ya sita, ile ya ubingwa, alichukua 19, na tena 11 za kushambulia. Idadi hiyo ilikuwa rekodi ya mechi ya fainali, ambayo Elvin Hayes alikuwa ameiweka mwaka 1979. Bulls walishinda mechi ya pili kwa pointi 92 dhidi ya 88. Pointi nne. Sasa rudisha nafasi 11 kwenye mizani, kwa bei ya pointi moja moja, uone mechi ingeelekea wapi. Kocha wa Seattle, George Karl, alisema wazi baada ya fainali kwamba Rodman ndiye aliyewashindia Bulls mechi hizo mbili. Kikombe cha mchezaji bora alipewa Jordan, na hakuna aliyeshangaa. Bulls walirudia ubingwa 1997 na 1998. Baada ya hapo Rodman alicheza kidogo Los Angeles Lakers na Dallas, akaacha NBA mwaka 2000, na 2011 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la mpira wa kikapu akiwa na wastani wa pointi 7.3.

Hilo la kikombe linanigusa kwa sababu ninaliona hapa. Nina binti wa kidato cha pili kwenye timu yangu, anatoka upande wa Katonga, mfupi kuliko wote isipokuwa mmoja. Asubuhi za Jumamosi anamsaidia mama yake kugeuza dagaa kabla ya kuja mazoezini, na mikono yake inanukia dagaa mpaka mpira unashika harufu. Ringi ya upande wa ziwani pale tunapochezea imeinama mbele kidogo na kulegea kushoto. Bolti moja ilishakatika. Mpira mwingi unaogonga pale unafia kushoto, karibu, kama umechoka. Wageni hawajui. Wenyeji wengi pia hawajui, ingawa wanacheza hapo kila wiki. Yeye alilijua mwezi wa kwanza. Mpira ukirushwa, haangalii juu. Anapiga hatua mbili kwenda kushoto, anamweka mtu mgongoni, anashuka chini, na mpira unamjia kifuani kana kwamba ametumiwa. Siku moja nilimuuliza alijuaje. "Mwalimu, si unaanguka hapohapo kila siku?"

Mwaka jana tulishiriki mashindano fulani, tukafika nusu fainali. Zawadi ya mchezaji mmojammoja ilikuwa moja tu, ya mfungaji bora, kwa sababu meza ya waandishi ilikuwa inaandika pointi na faulo peke yake. Binti yule hakuwepo kwenye karatasi kabisa. Kwa karatasi ile, hakucheza. Niliumia, na sikuwa na cha kuwaonyesha wale wa mezani, maana hata mimi mwenyewe siku hiyo sikuwa nimehesabu.

Tangu hapo ninahesabu, na mwalimu yeyote mwenye daftari la mistari anaweza. Gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza weka kijiti kila mpira unapokosa, wa kwenu au wa wapinzani, kwa sababu bila hiyo hujui usiku ulikuwa wa giza au wa mbalamwezi. Ya pili andika namba ya jezi ya aliyeudaka, na zungushia duara kama ni ribaundi ya kushambulia. Ya tatu andika namba ya aliyemweka mtu mgongoni hata kama mpira kaudaka mwenzake. Hii ndiyo itakayokuonyesha watu ambao hukuwahi kuwaona. Mchezaji akitoka, piga mstari, akiingia piga mwingine, ili ujue ni mipira mingapi ilirudi yeye akiwa ndani. Mwisho wa mechi unagawanya tu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kukusaidia kuandika ukimwelekeza robo ya kwanza. Na usimkalishe mezani katikati ya uwanja, maana pale atauangalia mpira kama watu wote. Mweke nyuma ya ringi, chini kidogo, mahali anapoiona miguu.